Mwendo wa Saa Tisa

Juzi nilimkatiza mjukuu wangu maneno mbele ya mtoto wake, na sikumwomba radhi. Alikuwa jikoni kwangu, mtoto kampakata, simu mkononi, anamwonyesha mstari uliopinda kama uta kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka wa Frankfurt, huko anakokwenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Simu imeandika kilomita elfu sita na ushei, na chini yake saa nane na dakika zake. Akamwambia mtoto, "Unaona? Si mbali. Mama akipanda tu, saa nane keshafika." Mtoto ana miaka mitano. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mimi nikamwona kabisa kwamba kaelewa kitu kingine. Nikaweka chini ungo wa njegere nikasema, "Usimwambie mtoto saa. Mwambie hatakuona mpaka meno haya yang'oke yaote mengine. Hilo atalielewa." Mjukuu wangu akanuna. Ana haki ya kununa, hajui ninachokijua. Nyinyi wa umri wangu, mliokulia milimani huku tukiitazama ndege kutoka chini tu, labda mtanielewa, ndiyo maana ninawaandikia nyinyi. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mkikuta maneno yamekaa vibaya mnivumilie.

Kwetu ni Malindi, hii yetu ya Usambara, si ile ya pwani. Baba alikuwa mpasua mbao Shume. Mti ulimwangukia nikiwa na miaka saba, na mdogo wangu Rashidi angali tumboni. Mama alipojifungua eda yake ikaisha, akajitwika mtoto mgongoni akaenda Magamba kufanya kazi ya uyaya kwa Mzungu wa misitu. Mzungu na mkewe walikuwa na binti mdogo mwenye ugonjwa wa kukauka viungo, hatembei, na mikono aliyoizoea ni ya mama yangu. Mimi nilibaki Malindi na bibi, mzaa baba. Basi Rashidi akaachishwa ziwa, na mwaka huohuo Mzungu akamaliza kazi yake akawa anarudi kwao. Yule binti akakataa kula mpaka aambiwe kwamba yaya anakwenda naye. Ndivyo mama yangu alivyopanda ndege, mwanamke ambaye Tanga kwenyewe alikuwa hajafika.

Asubuhi ya kuondoka alitukuta uani, mimi nimembeba Rashidi. Alikuwa kavaa viatu vya kufunika, anakanyaga kama kuku aliyefungwa kamba. Nikamuuliza huko anakokwenda ni mbali kama wapi. Alikuwa na haraka, gari linapiga honi barabarani. Akanishika kidevu akasema, "Si mbali. Kutoka Nairobi ndege haisimami popote. Ni mwendo wa saa tisa tu. Mahindi yakianza kubeba nimerudi." Akambusu Rashidi kisogoni akaondoka. Mimi nikabaki na zile saa tisa kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba.

Mnajua jinsi kwetu njia inavyopimwa. Hakuna aliyekuwa na saa ya mkononi, lakini kila mwanamke alijua kwamba kutoka Malindi mpaka sokoni Lushoto, na tenga la kabichi kichwani, ni saa tatu. Ukienda mikono mitupu ni pungufu. Hizo ndizo saa nilizozijua mimi, saa za miguu na shingo. Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu. Saa tisa ni kwenda Lushoto mara tatu. Mtu mwenye nguvu akitoka alfajiri anafika jua halijazama. Tanga ndiyo ilikuwa mbali, kwa sababu Tanga haikuhesabiwa kwa saa, ilihesabiwa kwa kulala. Unashuka Mombo, unalala kwa ndugu, kesho yake ndiyo unafika. Chuoni, tukimsubiri mwalimu na juzuu zetu mapajani, msichana mmoja mkubwa aliwahi kunicheka kwamba mama yangu kaenda mbali hata barua zinachoka njiani. Nikamuuliza mjomba wake wa Tanga akija hulala njiani mara ngapi. Akasema mara moja. Nikamwambia, "Basi mama yangu hakulala. Nani yuko mbali?" Wenzetu wote wakaona nimemshinda. Sikuwa nimedanganya. Niliamini hivyo, na wao wakaamini.

Njia nayo niliijua. Siku nyingine mchana, mawingu yakifunguka, ndege ilipita juu ya vichwa vyetu ikitokea upande wa Lushoto, ikaelekea Shume, ikapotea. Nilikuwa namnyanyua Rashidi namwambia, "Ile inakwenda kwa mama." Alikuwa ndiyo anaanza kusema. Alijua kusema dada, na ziwa, na ndege.

Surua iliingia kijijini wakati wa baridi. Rashidi ilimpata mapema. Bibi alifanya kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Akaziba dirisha kwa gunia, akamweka gizani, hakumwosha, hakumpa maji ya baridi. Jirani yetu alishauri apelekwe zahanati. Bibi akasema surua haitaki sindano, ukiichoma inarudi ndani na kumla mtoto, na kwa kuwa alishawaona waliochomwa wakafa, hakuna aliyebishana naye. Siku ya tatu macho ya Rashidi yaligandana kwa usaha. Siku ya nne aliacha kulia, akawa anatoa mlio mdogo kama paka aliyefungiwa nje. Uji ukitiwa mdomoni unatoka pembeni. Jioni jirani alikuja tena, na nikamsikia bibi mlangoni akimwambia kwa sauti ya chini, "Huyu hana surua peke yake. Anamtaka mama yake. Mama yake angekuwepo angekula." Jirani akaitikia kwamba kweli, mtoto aliyeachwa huugua mara mbili.

Watu wazima husema maneno kama hayo ili kupumua tu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliyasikia kama dawa iliyotajwa jina, na mahali pa kuipata napajua, na saa za kufika ninazo.

Alfajiri bibi alipotoka kwenda mtoni nilimfunga Rashidi mgongoni kwa kanga ya mama, juu nikatia blanketi. Nikachukua viazi vitamu viwili vya jana, nikashika njia ya Shume, zinakoelekea ndege. Hesabu yangu ilikuwa imekamilika. Hata nikichelewa, niliwaza, wapo watu njiani, wataniona, habari itatangulia, na mama akisikia tunakuja atatupokea katikati. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyopokeana mizigo.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Nilipita kwenye mashamba ya kabichi, nikaingia kwenye misonobari, na kila nilipoona nimekwenda kiasi cha saa moja nilimwambia. Alikuwa wa moto kama chungu kilichoteremshwa sasa hivi. Maji yalikuwa yananitiririka kiunoni na sikujua jasho ni lake au langu. Mwanzoni nikimsemesha anaguna. Kwenye kiwanda cha mbao nikamwambia, "Lushoto ya kwanza imekwisha, Rashidi, bado mbili." Akaguna. Mbele tena, palipokuwa na magogo yamelazwa kando ya njia, nikamsemesha akakaa kimya. Nikapenyeza mkono nyuma nikamfinya unyayo. Akalia kidogo. Nikaenda. Nikawa kila nikipata hofu namfinya, akilia naongeza mwendo, nafurahi kusikia kilio chake kuliko nilivyowahi kufurahia kitu chochote. Kiazi nilikitafuna nikampelekea mdomoni kwa kidole, kikaanguka. Niliwapita wapasua mbao wawili, wakauliza kama kuna mgonjwa, nikasema ndiyo, nampeleka. Hawakuuliza wapi. Msichana akibeba mtoto mgonjwa watu hudhani katumwa.

Halafu nikamfinya na hakulia.

Nilikimbia. Sikumbuki njia ile ya mwisho, ninakumbuka tu kichwa chake kinagonga begani kwangu kila hatua, na mimi namwambia mama yuko mbele, mama yuko mbele. Miti ikaisha. Na ardhi nayo ikaisha.

Aliyefika ukingoni kule Shume anajua. Unakwenda unakwenda, mara mbele yako pana mwamba, na chini ya mwamba hakuna kitu mpaka nyika ya Mkomazi, chini kabisa, kavu, ya rangi ya ngozi ya mbuzi, inakwenda mpaka milima ya Upare na kuipita. Upepo ulikuwa unatoka kule chini. Nilitafuta kule mbele uwanja ilikoshukia ndege ya mama. Nilidhani utakuwa kama stendi ya Lushoto, ndege zimepangwa, watu wanauza ndizi. Nilitazama kushoto na kulia nikitafuta pa kushukia. Nilikuwa naona wapi ndege zinapita, juu, wazi, na hakuna njia.

Mwanamke mmoja alikuwa anakata kuni chini kidogo ya pale. Baadaye nilijua anaitwa Mama Stefano, Mlutheri wa palepale Shume. Alipanda na panga mkononi akanikuta nimesimama. Nikamwamkia shikamoo, hata katika hali ile, tulifunzwa hivyo. Akaitikia marahaba, akauliza ninakwenda wapi na mtoto.

"Kwa mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Ulaya."

Akatazama nyika, akanitazama mimi, akatazama miguu yangu. "Umetoka wapi wewe?"

"Malindi."

"Na hiyo Ulaya nani kakuambia unaifikaje?"

"Mama. Ni mwendo wa saa tisa. Nimeshakwenda tano, nimebakiza nne."

Hakucheka. Watu wengi niliowasimulia tangu hapo wamecheka mahali hapo, na wengine ni wanangu. Yeye alitupa panga, akaifungua kanga, akamweka Rashidi kwenye nyasi, akaweka shavu lake karibu na pua yake. Akakaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko njia yote. Kisha akamfunga kwenye mgongo wake mwenyewe akasema, "Hizo ni saa za ndege, mwanangu. Hazitembewi kwa miguu."

Nikamwambia mama hasemi uongo. Nilimwambia kwa hasira, mtu mzima yule, nikashika blanketi nisimwachie mtoto.

"Mama kasema kweli," akasema. "Sasa geuka unifuate."

Alikimbia, na mtu wa umri ule sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alitupeleka kwenye zahanati ya misheni. Muuguzi alipotoa sindano nilipiga kelele kwamba surua haichomwi, wanamuua, nikamng'ata mkono mtu aliyenishika. Wakamchoma. Akalala siku mbili bila kufumbua macho. Mimi nililala sakafuni chini ya kitanda chake na Mama Stefano alikuwa analeta uji. Bibi alifika kesho yake kwa miguu, akiwa ametafuta kila nyumba ya Malindi kwanza. Hakunipiga. Alikaa kwenye benchi akavuta uradi bila kunitazama hata mara moja, na ningependa zaidi anipige.

Rashidi aliamka. Akanywa maji, akala, tukarudi naye nyumbani amebaki mifupa na macho, lakini yu hai, na watu wakaja kutoa pole na kushukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha. Kisha masikio yakaanza kutoa usaha. Bibi akayasafisha kwa mafuta ya nazi, yakakauka. Baada ya hapo mtoto akawa mkaidi. Anaitwa haji, anakatazwa haachi. Bibi akamchapa kwa jeuri hiyo. Siku moja nilikuwa naosha vyombo nyuma yake, yeye kachuchumaa anachimba udongo na kijiti. Sufuria likaniponyoka likaangukia jiwe. Mbuzi wa jirani aliruka akakata kamba. Rashidi aliendelea kuchimba. Nikaliokota nikalipiga tena kwenye jiwe kwa makusudi, nikapiga, nikapiga, mpaka likabonyea. Nilipogeuka bibi alikuwa mlangoni, ameona yote.

Akasema, "Upepo wa Shume umemwingia masikioni."

Neno hilo nililibeba mpaka nimeolewa na nina watoto watatu. Nilikuwa kliniki, mtoto anachanjwa surua, nikamuuliza muuguzi kama upepo unaweza kuua masikio. Akaniambia upepo hapana, surua yenyewe ndiyo hula masikio, hasa ya mtoto aliyecheleweshwa. Nilimwomba arudie. Akarudia, akanitazama, akauliza kama ninaumwa.

Sasa kuhusu barua. Mwalimu wa shule alikuja nyumbani kumwandikia bibi barua ya kwenda kwa mama. Kwetu mtu aliye mbali hapelekewi msiba. Ndivyo tulivyolelewa wote, na bado wapo wanaofanya hivyo. Msafiri huambiwa wazima, na akirudi hupewa maji, hupewa kigoda, akishatulia ndipo mkubwa mmoja anamweleza, polepole, macho kwa macho. Bibi akasema aandike hivi, kwamba Rashidi aliugua surua na sasa hajambo, anakula, anacheza. Mwalimu akauliza kama kuna la ziada. Bibi akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na maneno yote mdomoni. Ningeweza kusema mwandikie arudi. Lakini barua ikitaja masikio itataja na Shume, na Shume ni mimi. Nikainama. Bibi akasema ndiyo hayo tu, mwalimu.

Mahindi yakabeba. Yakavunwa. Jibu lilikuja, likasomwa, kila mtu akafurahi. Mama anamshukuru Mungu kwa mtoto kupona, na kwa kuwa nyumbani wote wazima, na yule binti bado hataki mikono mingine, wamemwomba aongeze mwaka, naye amekubali. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba zile saa tisa hazikuwa umbali wa mama. Ndege angeipata, tena upesi. Sisi ndio tuliomwondolea sababu ya kuipanda, bibi kwa adabu yake na mimi kwa woga wangu. Na nilikuwa sina wa kumwambia ila Rashidi, ambaye nilimwambia kila kitu, kila siku, maana hasikii.

Mama alirudi mahindi ya mwaka wa pili yakiwa ghalani. Ilikuwa mchana wa siku ya soko, bibi kaenda Lushoto, mimi na Rashidi tuko uani. Mtoto alikuwa na karibu miaka minne, ameipa migomba mgongo, anajenga kijumba cha udongo. Nilimwona mama akitokea kwenye migomba na sanduku. Alikuwa amenenepa, na viatu vya kufunika sasa anavivaa kama miguu yake. Nikasimama nikamwamkia. Akaitikia huku macho yake yameshanipita.

"Rashidi," akaita.

Mtoto akaendelea na udongo wake. Mama akacheka, akaniambia mwenzako kaninunia. Akaita tena, kwa ile sauti ya kubembeleza aliyokuwa akimwitia wakati wa kunyonya. Nilijua inavyopasa. Maji kwanza, kigoda, na mkubwa wa kusema. Mkubwa hakuwepo. Mama alivuta pumzi aite mara nyingine, na sikuweza kustahimili kuisikia sauti ile tena.

"Mpitie mbele, Mama," nikasema. "Hasikii."

Sanduku lilimtoka mkononi. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake, akafungua mikono. Rashidi akainua macho. Akamtazama usoni, akatazama viatu, akasimama akaja nyuma yangu, akanishika nguo kwa mikono yake ya matope, kama alivyofanya kwa kila mgeni.

Mama akabaki amechuchumaa vilevile. Akanitazama mimi sasa. "Mwambie mimi ni mama yake," akasema.

Nilijua namna ya kumwambia. Ishara zote za nyumba ile tulizitunga mimi na Rashidi, na ya mama ilikuwemo. Mikono yangu haikuwa imeshika kitu. Nikaiacha ilivyo, sikumwonyesha.